Foo-wili Mtumba Yenye "Kazi Kidogo": Piga Hesabu Kabla Hujatuma Pesa

Tangazo la aina hii bila shaka umeliona. Picha ya gari refu limeegeshwa kwenye nyasi, tairi zinang'aa, na chini yake maneno: "Foo-wili safi, injini haijaguswa, ina kazi kidogo tu, bei ya kuelewana." Bei yenyewe iko chini ya magari mengine ya aina hiyo kwa laki mbili au tatu. Hapo ndipo moyo huanza kudunda.

Sisi kazi yetu ni pesa, si magari. Lakini pesa za ukarabati wa gari hutoka kidogo kidogo kupitia simu: elfu tatu za bushi leo, elfu saba za redieta kesho, mia tano za fundi kula mchana. Mwisho wa mwezi mwenye gari hajui ametumia ngapi. Ndiyo sababu leo tunataka tupige hesabu hii pamoja nawe mapema, pesa zikiwa bado ziko mfukoni mwako.

Anza na barabara yako, si na gari

Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lina kazi yake. Kama shamba lako liko kwenye ule udongo mweusi unaonata, au unabeba viazi na maziwa kutoka sehemu ambazo mvua ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa tope, basi foo-wili ni chombo cha kazi. Itajilipa.

Lakini watu wengi wanachohitaji hasa ni gari lililoinuka, lisilogonga mawe chini, basi. Gari la kawaida lililo juu kiasi na lenye tairi nzuri hupita barabara nyingi za murram bila shida. Foo-wili ina vipuri vingi zaidi chini yake: difu ya mbele, propela ya pili, transfa kesi. Kila kimoja kina oili yake, sili zake na siku yake ya kuharibika. Pia ni nzito, kwa hivyo inakula mafuta. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na mwenye foo-wili huisikiliza kwa makini kuliko majirani.

Jiulize: kwa mwaka mzima, ni siku ngapi utaihitaji hiyo foo-wili? Kama jibu ni Desemba peke yake mkienda ushago, huenda kukodisha gari kwa wiki moja kukakugharimu kidogo zaidi.

Umri wa gari usikudanganye

Sheria za KEBS haziruhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hivyo ile Prado au Pajero ya zamani unayouziwa sasa, kwa kawaida imeshapigwa na mashimo ya barabara zetu kwa miaka mingi. Herufi za namba pleti hukuonyesha lilisajiliwa lini hapa Kenya: KB ilitangulia KC, na KC ikatangulia KD. Hazikuonyeshi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye logibuku, kwa hivyo usome hapo.

Nenda asubuhi, na uende na fundi wako

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gari likiwa baridi halifichi mambo. Fika, weka mkono juu ya boneti. Kama tayari ni moto, uliza kwa nini.

Fundi awe wako, umemlipa wewe. Akija fundi wa muuzaji au wa broka, hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Haya ndiyo mambo ya kuangalia:

- Moshi. Wa buluu maana yake injini inachoma oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanayoingia ndani ya injini. Mweusi mwingi unaonyesha mafuta hayachomeki vizuri.
- Kifuniko cha oili. Ukikuta uchafu wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana. Gasketi ya kichwa inaweza kuwa imekwenda.
- Taa za dashibodi. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za injini, breki na ABS zinapaswa kuwaka, kisha zizime injini ikiwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imetolewa makusudi.
- Magurudumu. Pinda usukani hadi mwisho, endesha polepole. Ukisikia tak-tak-tak mbele, jointi za ekseli zimeisha.
- Tairi. Ziwe nne za saizi moja, na zimelika karibu sawa. Foo-wili inayosukuma magurudumu manne wakati wote huumia ndani tairi zikitofautiana.
- Foo-wili yenyewe. Ijaribu kwenye mchanga, nyasi au tope. Ile ya kuingiza kwa mkono haifai kujaribiwa kwa kukata kona kwenye lami kavu, kwa sababu gia hukazana na zinaweza kuvunjika.
- Chesisi. Lala chini uangalie na tochi. Kutu ya juu juu si neno. Chesisi iliyoliwa na kutu, iliyopinda au iliyochomelewa ni jambo lingine kabisa, hasa kama gari limeishi karibu na bahari.

Sasa "kazi kidogo" igeuze iwe namba

Hapa ndipo wengi huruka. Fundi akishamaliza, mwombe orodha iliyoandikwa. Kisha piga simu kwa maduka mawili au matatu ya spea, iwe Kirinyaga Road, Grogan au mjini kwenu, uulize bei ukiwapa namba ya chesisi ili wakupe kipuri kinachoingia. Uliza bei ya mpya halisi, ya mpya ya kampuni nyingine, na ya mtumba kutoka Japani. Tofauti yaweza kuwa kubwa sana.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Foo-wili inauzwa 700,000. Nyingine ya mwaka uleule, iliyo sawa, inauzwa 1,000,000. Ukiangalia haraka, umeokoa 300,000. Orodha ya fundi ni hii:

- Tairi nne: 80,000
- Shoki na bushi: 60,000
- Klachi: 45,000
- Breki: 25,000
- Sili za difu na oili: 20,000
- Kazi ya fundi: 40,000

Jumla ni 270,000. Bado unaona umebakiwa na 30,000. Lakini gari kuukuu likifunguliwa, huonyesha mengine ambayo hayakuonekana. Ongeza akiba ya asilimia 30, yaani 81,000. Sasa ukarabati ni 351,000, na gari lako la "bei poa" limekuwa 1,051,000. Limepita lile zima.

Na hatujahesabu muda. Gari likikaa juu ya mawe kwa fundi wiki sita, wewe bado unapanda matatu na kukodisha pikapu ya kubeba mzigo. Pia kuna ada ya kuhamisha umiliki, na bima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kisheria. Ile kamili, kampuni nyingi husita kuwapa wenye magari yaliyozeeka, kwa hivyo likipata ajali hasara yote inaweza kuwa yako.

Hesabu hiyo ndiyo silaha yako ya kupatana bei. Toa gharama ya ukarabati na akiba kwenye bei ya gari zima: 1,000,000 toa 351,000 unabaki na 649,000. Hapo ndipo mwisho wako. Ukizingatia usumbufu, anza chini ya hapo, labda 580,000. Mwonyeshe muuzaji orodha. Muuzaji mkweli atabishana na namba moja moja. Mwingine atakwambia kuna mtu anakuja jioni na keshi. Mwache aje.

Kipi cha kutengeneza kwanza

Ukinunua, usitengeneze vyote kwa pamoja. Breki, usukani na tairi ni za uhai. Gari lisitoke barabarani kabla hazijakamilika. Kisha oili zote, maji ya injini na mikanda, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi, redio na viti vitangoja. Wapo wanaoanza na rimu mpya na rangi, halafu giaboksi inakufa wakiwa wamesota.

Karatasi ni sehemu ya gari

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachokinga. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiona jina la benki au mkopeshaji pamoja na la mmiliki, gari lina deni, na deni hilo lifutwe kwanza. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye gari lenyewe. Kama injini ilibadilishwa, omba hati zake.

Umiliki uhamishwe mara moja. Sheria ya trafiki inampa mnunuzi siku 14, zaidi ya hapo gari lisitumike kabla halijasajiliwa kwa jina lake. Usikubali kukaa na logibuku ya mtu mwingine kwa miaka. Siku akifariki au mkikosana, utatafuta sahihi yake wapi?

Namna ya kulipa bila kulia

- Usitume "bukingi" kwa gari ambalo hujaliona. Muuzaji akisema yuko nje ya nchi, gari liko bandarini, na watu ni wengi kwa hivyo tuma 20,000 akuwekee, kata simu.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la kwenye logibuku, simama uulize.
- Andikianeni mkataba. Uwe na namba za vitambulisho, namba ya chesisi, bei, na namna ya malipo. Mbele ya wakili ni bora zaidi.
- Jua mipaka. Kwa kawaida pesa za simu zina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Kiasi kikubwa kipitie benki, na kikamilike muuzaji akishaanza kuhamisha umiliki mkiwa mmekaa pamoja.
- Lipa spea kwa till ya duka, si kwa fundi. Utapata risiti na utajua bei halisi. Fundi mlipe kazi yake kwa awamu: kiasi akianza, kilichobaki ukishaliendesha gari na kuridhika.
- Usifute meseji za malipo. Kila mwezi toa taarifa ya akaunti yako, ujumlishe za gari peke yake. Ikikaribia kile kiwango ulichojiwekea, simama kwanza ufikirie.

Wakati wa kuondoka

Kuna magari ambayo hakuna bei inayofaa. Chesisi iliyopinda. Giaboksi ya otomatiki inayoteleza. Injini inayochemka kila ikipanda mlima. Rekodi ya NTSA isiyolingana na mtu aliyesimama mbele yako. Ukikuta hata moja kati ya haya, mlipe fundi wako, mshukuru muuzaji, urudi nyumbani. Elfu mbili au tatu ulizompa fundi siku hiyo ndizo zimekuokolea laki saba.

Na ukiikuta ile nzuri, yenye kazi kidogo kwelikweli, bado weka akiba ya ukarabati kando kabla hujalipa gari. Kama pesa zako zote zinaishia kwenye bei ya kununua, basi gari hilo bado hujaliweza. Endelea kuweka kidogo kidogo. Foo-wili za kuuzwa haziishi.