Misalaba ya mawe ya zamani yatufundisha nini?

Katika vijiji vingi vya Uingereza, kando ya kanisa la parokia, huonekana ngazi chache za mawe na kipande cha nguzo kisicho na kichwa. Hayo ni mabaki ya misalaba ya Wakristu wa kale. Mwaka 1643 Bunge la nchi ile liliamuru misalaba ya namna hiyo ibomolewe.

Je, sisi katika Afrika tunayo misalaba ya zamani kama hiyo? Ndiyo. Mto wetu, huu upitao Kisangani, hushuka mpaka maporomoko ya Yelala, karibu na Matadi. Huko, mwaka 1485 hivi, mabaharia wa Diogo Cão walizuiwa na maji makali. Wakachonga mwambani msalaba, ngao ya mfalme wa Ureno, na majina yao. Tena huko Malindi, pwani ya Kenya, ingali imesimama nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale mwaka 1498. Msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Ureno.

Tuangalie vizuri: msalaba na ngao ya mfalme vilichongwa pamoja. Kumbe, jiwe lile lilitamka maneno mawili. La kwanza: Kristu ametukomboa. La pili: mfalme wetu amefika hapa. Neno hilo la pili lilileta machozi. Mwaka 1526 Afonso, mfalme Mkristu wa Kongo, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata raia zake na kuwauza utumwani.

Lakini neno la kwanza halikufa. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipopita Malindi, aliona msalaba mkubwa wa mawe uliopakwa dhahabu, akafarijika sana moyoni.

Basi, mkatekista akiulizwa, “Msalaba si alama ya wazungu?”, ajibu nini? Asifiche habari ya ngao, maana ni ya kweli. Akumbushe kwamba hata pale Kalvari Pilato, mtu wa Kaisari, aliweka maandishi yake juu ya Msalaba. Maandishi yale hayakuufanya Msalaba kuwa mali ya Kaisari. Ni wa Yezu aliyetundikwa juu yake, naye alikufa kwa ajili ya watu wote, hata kwa wale waliouzwa.

Nasi tunapousimamisha msalaba misioni au makaburini, tuuache useme neno moja tu.