Mkienda Mafia na watoto, chagueni ufukwe kwa kumtazama mtoto mdogo kuliko wote

Nyamwage, Rufiji. Kwa familia inayoishi Nyamwage, kisiwa cha Mafia si lazima kiwe safari ya ndege wala ya kupitia kwanza Dar es Salaam. Mnavuka Daraja la Mkapa, mnapita Ikwiriri na Kibiti, mnafika Bungu, kisha mnaingia kulia kuelekea Nyamisati. Hapo mnapanda chombo, ama kivuko cha MV Kilindoni kinachosimamiwa na TEMESA au boti za watu binafsi, na baada ya saa kadhaa mnashuka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia.

Kwa hiyo shule zikifungwa, mzazi aliyejiwekea akiba anaweza kuwapeleka watoto wakaione bahari. Swali linalobaki ni ufukwe upi.

Wengi hujibu swali hilo kwa kutazama picha kwenye simu: maji ya buluu, mchanga mweupe, mnazi ulioinama. Lakini picha haisemi ilipigwa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, wala hospitali iko umbali gani. Kwa mtu mzima hayo ni mambo madogo. Kwa mtoto wa miaka 4 ndiyo mambo yenyewe.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 ilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua ufukwe kwa kumfikiria kwanza mtoto mdogo kuliko wote katika msafara. Kaka zake wakubwa watafurahi popote.

Mtoni na baharini ni vitu viwili

Mtoto wa Rufiji hukua akiambiwa hatari za maji. Anajua mamba, anajua kiboko, na shuleni amefundishwa kwamba maji yaliyotuama yanaweza kumpa kichocho. Anajua pia kwamba mto unaelekea upande mmoja tu.

Baharini mambo hubadilika. Kichocho hakipo kwenye maji ya chumvi, lakini kina cha maji hakitulii. Ndani ya siku moja na dakika kama 50, bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2. Mahali ambapo mtoto alisimama asubuhi maji yakimfika magotini, alasiri yanaweza kumpita kichwa.

Kijana anayejivunia kuogelea mtoni anaweza kujiamini kupita kiasi siku ya kwanza ufukweni. Mzazi amwambie mapema, kabla ya safari, kwamba huko naye ni mgeni.

Tahadhari moja inaanzia njiani. Nyamisati iko kwenye eneo la delta, penye mikoko, tope na vijito vya maji. Hapo ni mahali pa kupandia chombo. Mkisubiri kuondoka, watoto wasiingie majini kujipoza.

Saa za maji kwanza

Wavuvi wa pwani hugawa mwezi kwa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mzazi anayejua hivyo anaweza kupanga siku yake: asubuhi watoto waokote kome za konokono na kutazama kaa wadogo, mchana walale kivulini, na kuoga kufanyike maji yanapopanda taratibu.

Kwa mtoto mdogo, maji yanayoanza kujaa ni afadhali kuliko maji yanayotoka, kwa sababu maji yanayotoka huvuta kuelekea kilindini. Hakuna haja ya programu ya simu. Mvuvi yeyote pale Kilindoni atakwambia saa za maji za siku hiyo.

Magharibi: upande wa Kilindoni

Fukwe za magharibi zinatazamana na delta ya Rufiji. Udongo na rutuba ambayo mto unaimwaga baharini huchangia maji ya upande huu yasiwe maangavu kama ya mashariki. Rutuba hiyo hiyo hulisha viumbe wadogo sana wanaoelea majini, ambao ndio chakula cha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Papa huyo huonekana karibu na Kilindoni kuanzia takriban Oktoba hadi Machi, na hana tabia ya kushambulia watu. Mtoto anaweza kumtazama akiwa ndani ya boti, amevaa jaketi okozi.

Faida kubwa ya upande huu ni ukaribu. Hospitali ya Wilaya ya Mafia iko Kilindoni, na maduka ya dawa yako karibu. Pia kisiwa chenyewe hukinga mawimbi makubwa ya bahari kuu. Epukeni eneo la bandari na mahali panaposhushwa samaki, kwa sababu ya mafuta, kamba na nanga. Tembeeni hadi ufukwe wa michanga ulio mbali na vyombo.

Kuna hatari moja ambayo wazazi wengi hawaioni. Kwa kuwa upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda baharini upande huu, maji ya ukingoni huonekana yametulia kama ya bwawa. Mtoto aliyekalia mpira wa tairi au dumu husukumwa nje polepole, na mzazi anapogutuka yuko mbali. Vitu vya kuelea viachwe nyumbani.

Kusini-mashariki: Utende na Ghuba ya Chole

Utende iko takriban kilomita 15 kutoka Kilindoni kwa barabara ya lami. Hapa mnaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo bebeni vitambulisho.

Ghuba hii imekingwa na matumbawe pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Maji ni maangavu na mawimbi ni madogo. Kwa familia yenye watoto wa umri wa shule ya msingi, hapa ndipo pa kwanza pa kufikiria.

Lakini ghuba hii hukupwa sana. Anayefika saa 4 asubuhi ya bamvua atakuta majani ya bahari, tope na mawe badala ya maji ya kuogelea, sawa na anayoyaona mgeni wa Paje au Jambiani kule Unguja. Siku hizo mpango uwe wa alasiri. Watoto wavae viatu vya plastiki wakati wote, kwa sababu kwenye mawe na majani hukaa viumbe weusi wenye miiba mirefu kama ya nungunungu.

Kisiwa cha Chole kinafaa kwa matembezi, si kwa kuogelea. Watoto wataona magofu ya kale na popo wakubwa wanaolala mchana kwenye miti.

Mashariki na kaskazini

Pwani ya mashariki inapokea mawimbi ya bahari kuu moja kwa moja. Ni nzuri kwa macho, na watoto wanaweza kukimbia mchangani, lakini wasiingie majini. Mawimbi yanapovunjika na kurudi, hutengeneza mkondo unaoweza kumshinda hata mtu mzima. Aliyevutwa asishindane nao. Aelee, anyooshe mkono kuomba msaada, na akiweza aogelee kufuata ukingo wa pwani mpaka atoke kwenye mkondo.

Kaskazini, kuelekea Kanga, Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa enzi za Wajerumani, kuna michanga mirefu na watu wachache. Utulivu huo una gharama yake: Ras Mkumbi iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Kilindoni. Mwenye mtoto mchanga, mtoto mwenye pumu au mwenye selimundu afikirie umbali huo kabla ya kukodi gari.

Mafungu ya mchanga kama Marimbani, yanayojitokeza baharini maji yakipwa, hayana kivuli na maji hurudi kwa kasi. Kama lazima mwende, nahodha asiondoke kuwaacha hata kwa dakika 10.

Mwezi gani?

Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Septemba, na safari ya kutoka Nyamisati huweza kuwa na mawimbi. Likizo ya Juni inaangukia hapo. Desemba ni kaskazi, joto ni kali lakini bahari mara nyingi ni tulivu kuliko wakati wa kusi. Kama familia ina uwezo wa safari moja tu kwa mwaka na kuna mtoto wa chini ya miaka 5, Desemba ni chaguo bora.

Msimu wowote ule, chombo kisicho na jaketi okozi linalomtosha mtoto wako msikipande. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Mtoto anayetapika chomboni akae katikati, atazame mbali na apewe maji kidogo kidogo. Dawa ya kuzuia kichefuchefu iulizwe kwa mfamasia kabla ya safari, kwa uzito na umri wa mtoto.

Mkifika ufukweni

Mtoto wa chini ya miaka 5 awe karibu kiasi cha kushikwa kwa kunyoosha mkono. Teueni mtu mzima mmoja wa zamu, asiye na simu mkononi, na zamu ibadilishwe kila dakika 20 au 30. Pale ambapo wote wanatazama, mara nyingi hakuna anayetazama. Anayezama pia hapigi kelele kama kwenye filamu. Huzama kimya.

Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri watoto wakae kivulini, wavae fulana na kofia, na wanywe maji safi mara kwa mara. Mtoto mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu na losheni ya jua siku nzima. Usiku walale kwenye chandarua, na homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria.

Mkikaribishwa nyama ya kasa, kataeni. Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kuila. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na kasa analindwa kisheria. Samaki aina ya bunju naye asiliwe.

Likitokea la kutokea

Mtoto akizidiwa majini, usirukie kama hujui kuogelea. Mrushie dumu tupu lililofungwa kamba, au mnyooshee mti mrefu. Akitolewa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umembana pua. Asipozinduka, mkandamize katikati ya kifua mara 30, kisha pumzi 2, ukirudia bila kukoma hadi msaada ufike. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali, kwa kuwa shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Akichomwa na konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, mwoshe kwa maji ya bahari, usimsugue kwa mchanga wala kummwagia mkojo. Ondoa nyuzi zilizonata kwa kijiti, kisha loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia. Akichomwa na mwiba wa taa au wa samaki anayefanana na jiwe, loweka vivyo hivyo na mwende hospitali mara moja.

Kwa kifupi

Wenye mtoto wa chini ya miaka 5 wakae upande wa Kilindoni, mbali na bandari, wasiende na vitu vya kuelea. Wenye watoto wa miaka 6 hadi 12 waende Utende kwa saa za maji. Mashariki na mafungu ya mchanga wawaachie vijana wanaojua kuogelea, nao wasiende bila mtu mzima na nahodha mwenyeji.

Na kabla ya kulipa nauli pale Nyamisati, muulize mwenye chombo maswali 2: majaketi ya watoto yako wapi, na bahari ikoje leo. Akisita kujibu, subirini chombo kingine.