Je, Wajua? Siri za kaunta ya malipo inayoendeshwa na Linux

Duka likikwama kwenye malipo limefungwa, hata kama milango iko wazi. Kwa hiyo anayepanga mtandao wa mashine za malipo aanze kwa kuifikiria siku mbaya: umeme umekatika, intaneti haipatikani, na foleni imefika mlangoni. Haya hapa ni mambo ya kumsaidia mwenye duka, fundi na keshia kujiandaa kwa siku hiyo.

Je, wajua kwamba mashine ya kaunta ilizaliwa kwa sababu ya wizi? James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, alichoshwa na wahudumu waliotia mapato mifukoni mwao. Mwaka 1878, akiwa melini kuelekea Ulaya, aliona chombo kilichohesabu mizunguko ya rafadha. Mwaka uliofuata, yeye na nduguye John walipata hataza ya mashine iliyohesabu mauzo.

Je, wajua bidhaa ya kwanza kusomwa msimbopau wa UPC dukani? Ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, iliyouzwa kwa senti 67 za Marekani. Ilipita kwenye skana ya duka la Marsh mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974.

Je, wajua maana ya 616 na 620? Namba ya msimbopau ikianza na 616, imetolewa kupitia shirika la GS1 la Kenya. 620 ni ya Tanzania. Haikuambii bidhaa ilitengenezwa wapi, bali kampuni iliipatia wapi namba yake. Tarakimu ya 13, ya mwisho, ni mlinzi: hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, ili skana ikisoma vibaya ijue na kukataa.

Je, wajua kwamba Linux ilianzishwa na mwanafunzi? Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoitangaza mwezi Agosti 1991. Tangu 1992 inatolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuifungua, kuibadili na kuigawa. Kwa mwenye matawi kumi maana yake ni kubwa: anaweza kuongeza kaunta bila kununua leseni ya mfumo endeshi kwa kila moja. Pesa anayookoa aipeleke kwa fundi anayeujua mfumo, maana bila fundi uhuru huo haumfai.

Je, wajua kwamba huenda tayari unayo Linux? Android imejengwa juu ya kerneli, yaani kiini, ya Linux. Ile mashine ndogo ya mkononi inayotoa risiti au kupokea malipo ya kadi, kama inatumia Android, ina Linux ndani yake.

Je, wajua kwamba maduka makubwa yalianza kutumia Linux zamani? Mwaka 1999 kampuni ya nguo ya Marekani, Burlington Coat Factory, ilitangaza kuiweka Linux katika maduka yake zaidi ya 200. Baadaye SUSE, kampuni inayosambaza Linux, ilitoa toleo maalumu la kazi za kaunta. Mpangilio wake una ngazi tatu: seva kuu makao makuu, seva ndogo katika kila tawi, kisha mashine za kaunta. Ni mpangilio wa kuigwa hata na mwenye maduka matatu.

Je, wajua kwamba mashine ya kaunta inaweza kuwaka bila kuwa na chochote kwenye diski? Ikiwashwa, huomba anwani kwenye mtandao wa ndani, kisha seva ya tawi huitumia mfumo mzima ukiwa tayari. Njia hii huitwa PXE. Faida yake huonekana mashine inapokufa Jumamosi jioni: unachomeka nyingine, unaiwasha, inapokea mfumo uleule. Hakuna kukaa usiku kucha ukisakinisha programu.

Je, wajua kwamba skana nyingi hujifanya kibodi? Kompyuta hudhani kuna mtu amechapa tarakimu 13 kwa kasi kisha akabonyeza Enter. Kishale kikiwa kwenye kisanduku cha idadi, namba ya msimbopau inaweza kuingia huko, na mteja akadaiwa matrilioni. Kwenye Linux, programu inaweza kuisoma skana moja kwa moja kama kifaa chenye jina lake, isichanganywe na kibodi. Muulize mtengenezaji wa programu kama ameliona hilo.

Je, wajua kwamba droo ya pesa kwa kawaida hufunguliwa na printa? Waya wake, unaofanana na wa simu ya mezani, huchomekwa nyuma ya printa. Kompyuta hutuma amri fupi katika lugha ya ESC/POS iliyoanzishwa na Epson, na printa hupeleka mshtuko wa umeme unaofyatua droo. Droo isipofunguka, anza kukagua printa.

Je, wajua kwamba printa inaweza kubadilika jina? Ukiichomoa na kuichomeka kwenye tundu jingine la USB, Linux yaweza kuiita lp1 badala ya lp0, na risiti zikakoma. Dawa yake ni kanuni ya udev, mistari michache inayoitambua printa kwa namba yake ya kiwandani na kuipa jina moja la kudumu. Iandike kabla ya kufungua duka.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika, hatari kubwa ni data iliyokuwa ikiandikwa? Ndiyo maana mafundi wazoefu huufunga mfumo endeshi uwe wa kusomwa tu. Mabadiliko ya muda hukaa kwenye kumbukumbu ya RAM kwa msaada wa overlayfs, iliyoingizwa rasmi katika kerneli mwaka 2014, na mauzo huandikwa kwenye sehemu yake ya pekee. Na ukinunua UPS, yaani betri ya akiba, isihudumie kompyuta peke yake. Swichi ya mtandao, seva ya tawi na printa vikizimika, kompyuta inayowaka haiuzi kitu.

Je, wajua kwamba kuna kompyuta zisizojua saa? Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Ikiwaka bila mtandao, risiti ya leo yaweza kubeba tarehe iliyopita, na hesabu za jioni zikagoma kulingana. Iongezee kifaa cha saa chenye betri, au seva ya tawi iwe na saa ya kuaminika inayofuatwa na kaunta zote.

Je, wajua kwamba duka linaweza kuuza bila intaneti? Bei na bidhaa zikihifadhiwa katika tawi lenyewe, kaunta huendelea kuuza na kutuma taarifa makao makuu mtandao ukirudi. Lakini kaunta mbili zisitoe namba moja ya risiti: kila moja iwe na alama yake. Kuhusu kodi, usibahatishe. Tanzania ina mfumo wa EFD wa risiti za kodi tangu 2010, na Kenya ilileta eTIMS mwaka 2023. Kabla hujalipa senti, hakikisha programu yako inaongea na mfumo uliokubaliwa na mamlaka ya kodi, TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya, na uliza sheria inasemaje mtandao unapokatika.

Je, wajua kwamba kompyuta hukosea kujumlisha 0.1 na 0.2? Katika hesabu za desimali za kawaida za kompyuta, jibu huzidi 0.3 kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo zikirundikana, ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, na pesa zilizomo kwenye droo huweza kupishana, na anayetiliwa shaka ni keshia. Programu nzuri hutunza pesa kama senti kamili. Ni haki ya mfanyakazi kutodaiwa kosa la hesabu lililofanywa na mashine.

Je, wajua kwamba wezi wa kadi waliingia kupitia fundi wa mitambo ya ubaridi? Mwishoni mwa 2013, taarifa za kadi milioni 40 ziliibwa katika maduka ya Target, Marekani. Wavamizi walianza kwa nywila za kampuni iliyohudumia mitambo hiyo, wakasogea hadi kwenye kaunta. Mashine za malipo ziwe na mtandao wao. Kamera, simu za wafanyakazi na Wi-Fi ya wateja vikae kwingine.

Je, wajua kwamba sasisho moja laweza kuzima dunia? Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 za Windows, zikiwemo za kaunta. Linux haina kinga dhidi ya uzembe wa aina hiyo. Sasisha kaunta moja, kisha tawi moja, subiri, ndipo uendelee. Toleo la zamani libaki mahali linaporudishika kwa haraka.

Je, wajua kuhusu asubuhi ya 19 Januari 2038? Saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, mifumo inayohesabu muda kwa biti 32 itafikia kikomo chake. Kompyuta za biti 64 haziko hatarini kwa kiasi hicho, basi usinunue mtumba wa biti 32 kwa sababu ya bei tu.

Na je, wajua jaribio la bei rahisi kuliko yote? Weka mfumo katika tawi moja. Mwite keshia mwenye kazi nyingi kuliko wenzake, aendelee kuuza. Chomoa waya wa intaneti. Kisha zima umeme, uuwashe, na uhesabu mauzo yaliyopotea. Mwulize keshia kilichomsumbua, uandike kila neno. Mauzo yote yakiwa salama na keshia akiridhika, agiza mashine za matawi mengine. Hata moja likipotea, usiagize bado.