Visanamu vya Kauri (2): Kifaru Alisahihishwa, Afrika Je?

Juma lililopita tulimwacha Böttger, mfungwa wa Augustus, mtawala wa Saksonia, akitafutishwa dhahabu na kuambulia kauri. Siri ya Wachina ilifumbuliwa mwaka 1708, na kiwanda kikafunguliwa Meissen mwaka 1710. (Wakati huo sahani za China zilikwisha kupamba makaburi ya pwani yetu kwa karne kadhaa.)

Leo tuvitazame visanamu vyenyewe. Kazi yake ilikuwa mezani. Karamu ilipofikia vitu vitamu, Waturuki, Wachina na wachekeshaji wa kauri walipangwa katikati ya meza, mahali palipokuwa pa sanamu za sukari. Fundi wao mkuu alikuwa Johann Joachim Kändler, aliyeingia kiwandani mwaka 1731. Waturuki wake wengi aliwatoa kwenye michoro iliyochapwa Paris mwaka 1714 kwa agizo la Ferriol, aliyekuwa balozi wa Ufaransa kwa Sultani.

Kunakili si dhambi. Inategemea unanakili nini. Mwenzake Kändler, Gottlieb Kirchner, alifinyanga kifaru kwa kufuata mchoro wa msanii Dürer wa mwaka 1515, naye Dürer hakuwahi kumwona kifaru. Ndiyo maana mnyama yule ana deraya mwilini na pembe ya ziada begani! Mwaka 1747 kifaru hai, Clara, aliyekuwa akitembezwa Ulaya kwa maonyesho, alifikishwa Dresden, mji mkuu wa Saksonia. Kändler akaenda kumtazama, na kifaru wake mpya hana pembe ya begani.

Katika miaka hiyohiyo Kändler alifinyanga mabara manne. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya simba, amevaa kichwa cha tembo, mkonga juu. Vazi hilo limo katika kitabu cha Cesare Ripa, mwongozo wa wasanii, naye Ripa alilipata kwenye sarafu za Warumi. Halikuwa vazi la Waafrika wa siku hizo. Na Waafrika hawakuwa mbali: walikuwamo hukohuko Dresden, watumishi wa jumba la mtawala. Kifaru alipewa heshima ya kutazamwa, watu wakaachiwa sarafu. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko pembe ya begani.

Juma lijalo tutavuka hadi Chelsea, ambako Waingereza walivinakili visanamu vya Meissen, makosa yake yakiwamo.