Dume Hana Kiwele

Ugonjwa wa kiwele hujificha. Maziwa hutoka meupe, ng'ombe anakula vizuri, kumbe robo moja ya kiwele imeshaambukizwa kwa ndani. Ndiyo maana maofisa mifugo hutembea na kisahani cha vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Maziwa hutiwa humo pamoja na dawa ya kupimia, kisahani kikazungushwa. Yakivutika kama ute wa bamia, ujue chembe za kinga zimefurika kupigana na bakteria. Robo yenye afya kwa kawaida haifikishi chembe 200,000 kwa mililita.

Wa kulaumiwa ni nani, banda au ukoo? Takwimu zinaonekana kulibana banda: katika tofauti za ng'ombe kuugua waziwazi, jeni za kurithi huchangia takriban asilimia 2 hadi 5 tu. Wengi wakisikia hivyo hufunga mjadala. Wanorwei hawakuufunga. Mwaka 1975 walianza kuandika matibabu ya kila ng'ombe kwenye kadi yake, na 1978 ugonjwa huu ukaingia katika vigezo vya kuchagua madume.

Dume hana kiwele, kwa hiyo hupimwa kwa binti zake. Binti mmoja hasemi kitu, maana huenda analala kwenye tope. Lakini kwa binti zaidi ya 200 waliotawanyika katika mashamba mengi, tope la huku hufidiwa na ukavu wa kule, na kinachobaki ni cha baba: kiwele kisichoning'inia, tundu la chuchu linalobana, kinga inayowahi. Kwa mbinu hiyo ng'ombe wekundu wa Norwei walipunguza mwelekeo wao wa kuugua, kizazi baada ya kizazi. Anayechagua kwa lita peke yake hupata kinyume, kwani jeni za maziwa mengi mara nyingi huambatana na zile za kuugua.

Mazingira nayo hayasubiri vizazi. Bakteria *E. coli* hutoka kwenye samadi. *Staphylococcus aureus* husafiri kwa mikono ya mkamuaji, au kwa kile kitambaa kimoja kinachofuta viwele vya zizi zima. Ng'ombe akimaliza kukamuliwa, tundu la chuchu hukaa wazi nusu saa au zaidi. Chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mwekee majani mabichi ili asilale upesi. Na mhimilishaji akija na mbegu, usimuulize lita tu. Muulize viwele vya binti za dume huyo vikoje.