Kijana Anayefungua Redio: Tumkataze au Tumpe Kazi?

Katika vikundi vingi vya hapa Lunga Lunga na vijiji vya jirani, hakosekani kijana mmoja ambaye wazee humlalamikia. Redio ikiharibika ataifungua, na ikiwa nzima ataifungua vilevile. Chini ya kitanda chake kuna nyaya, spika iliyopasuka, simu isiyo na kioo na betri ya pikipiki. Watu husema anapoteza wakati. Sisi tulio na ugonjwa huohuo tumeombwa tueleze mchezo huu una faida gani, na kama kikundi kinaweza kuutumia. Tutasema ukweli, maana si yote yenye faida.

Tuanze na redio yenyewe. Je, mmeona kwamba mchana redio ya masafa ya kati hushika vituo vichache tu, lakini jua likishazama vituo vya mbali vinaingia vyenyewe, hata vya lugha tusizozijua? Si kwamba redio imepona. Juu yetu, kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu, hewa hupigwa na mwanga mkali wa jua mpaka ikawa na chaji ya umeme. Mchana tabaka la chini la hewa hiyo humeza mawimbi ya redio. Usiku tabaka hilo hutoweka, na yale ya juu zaidi huyarudisha mawimbi ardhini kama mpira unaogonga dari. Basi mwenye redio kuukuu na waya mrefu uliofungwa kwenye mnazi tayari anachunguza anga, bila kutoa hata shilingi. (Waya ushushwe mapema, kabla mvua ya radi haijafika. Hilo si la mzaha.)

Na wazee wetu walichunguza bila waya wowote. Kile kikundi kidogo cha nyota kiitwacho Kilimia kimepata jina lake kwa kulima. Kikianza kupotelea magharibi pamoja na jua mwishoni mwa Aprili, masika yako mlangoni au yameshaingia.

Wengine hudhani mambo ya anga ni ya watu wa ng'ambo. Sivyo, pwani yetu imo. Huko Ngomeni, upande wa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na mwaka 1967 roketi ilipanda kutoka hapo na setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe yetu ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapohapo setilaiti ya Wamarekani, waliyoipa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zinazotoka angani, zile za kupigia picha mifupa hospitalini. Kwa nini Malindi? Dunia inajizungusha, na karibu na ikweta mzunguko huo ni kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, na mbele yake kuna bahari tupu ya kupokea vipande vinavyoanguka. Roketi ya mwisho iliondoka hapo mwaka 1988.

Siku hizi setilaiti si lazima iwe kubwa. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018, ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Mwaka 2023 ikafuata Taifa-1. Ndani ya visanduku hivyo mna vitu ambavyo yule kijana wa chini ya kitanda anavijua: betri, paneli ya sola, redio na ubao wa kompyuta.

Hapo ndipo tunafika kwenye kompyuta, na hapo ndipo vikundi hutuuliza zaidi. Kompyuta iliyowaongoza Wamarekani mpaka mwezini mwaka 1969 ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya simu ya kawaida iliyo mfukoni mwako. Kwa hiyo msidanganywe kwamba kikundi lazima kinunue mashine mpya ya bei kali. Iliyotumika inatosha pale penye stima. Pasipo na stima kuna ubao mdogo uitwao Raspberry Pi, uliobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012, ukubwa wake kama kitambulisho. Unatumia volti 5 kama chaja ya simu, na televisheni huwa ndiyo kioo chake. Paneli na betri vinauendesha vizuri. Lakini umeme ukikatika ghafla kadi yake inaweza kuharibika na maandishi kupotea, kwa hiyo betri si pambo.

Sasa, inafaa nini kwa kikundi? Kuandika barua, ndiyo. Kazi hasa, lakini, ni hesabu za mikopo, kwa sababu hapo ndipo vikundi huvunjika. Tuchukue mfano. Mama mmoja anakopa shilingi 6,000, atalipa 1,000 kila mwezi kwa miezi 6, riba ni asilimia 10 kwa mwezi. Asilimia 10 ya nini? Mweka hazina akihesabu kwa mkopo wote wa mwanzo, riba ni 600 kila mwezi, jumla 3,600. Akihesabu kwa deni lililobaki, ni 600, kisha 500, 400, 300, 200 na 100, jumla 2,100. Tofauti ni shilingi 1,500, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye mwenye haki! Kompyuta haiwezi kuamua ugomvi huo. Itahesabu upesi na bila kuchoka lile mlilokubaliana, na kama hamkukubaliana, itakosea upesi pia. Maoni yetu ni haya: kikundi ambacho daftari lake halijanyooka kisinunue kompyuta bado. Kikiwa tayari, daftari liendelee kuandikwa kando, na watu wawili wajue kuitumia, siyo kijana mmoja tu. Akiolewa au akienda Mombasa kutafuta kazi, hesabu zenu zitabaki zimefungwa naye.

Kwa wanaofungua vitu, maneno machache. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa huweka umeme mkali ndani hata baada ya kuzimwa, waachieni mafundi. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe. Na tafadhali msichome nyaya ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa watoto wanaozunguka hapo.

Liko jambo moja zaidi ambalo kila kikundi kinapaswa kulijua, hata kisichopenda redio wala nyota. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, pete ya chuma ya kilo kama 500, upana wa mita 2 na nusu, ilianguka kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Kumbe vinavyopanda hushuka, na havichagui shamba. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo inayolipa hasara iliyotokea ardhini, lakini lazima ijulikane chuma ni cha nani. Kikianguka kitu kama hicho Mwereni au Vanga, msikiguse, maana huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Wazuieni watoto, andikeni saa na mahali, pigeni picha kwa simu, mwambieni chifu au polisi siku hiyohiyo. Orodhesheni miti, nyumba na mifugo iliyoumia. Na mnunuzi wa vyuma chakavu akifika na mizani yake, mrudisheni, hata akitaja bei nzuri.