Kioo Kinapochoka: Siri ya TV na Simu za OLED

Hebu vuta picha. Wewe na mwenzio mmejibana miezi kadhaa, mkanunua ile TV ya OLED, nyembamba, inang'aa balaa. Miaka michache baadaye, nembo ya kituo cha habari imebaki kama kivuli kwenye kona, hata mkihamisha chaneli. Lawama zinaanza: "Wewe na taarifa zako za habari!" "Na wewe na tamthilia zako je?"

Kabla hamjanuniana, someni hapa.

OLED haina taa nyuma ya kioo. Kila nukta inawaka yenyewe, umeme unapopita kwenye tabaka za kemikali zenye kaboni. Tatizo, nukta zinachoka. Zile zinazowaka sana zinafifia kabla ya jirani zake, na hapo ndipo kivuli kinapotokea.

Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak, Marekani, walitangaza OLED ya kwanza iliyofanya kazi vizuri kwa umeme mdogo. Lakini kemikali za aina ile zina kikomo: takriban robo tu ya nguvu inayoamshwa ndani yake ndiyo inageuka mwanga, nyingine inapotea bure. Mwaka 1998, timu za Stephen Forrest na Mark Thompson zilionyesha kwamba ukitia madini mazito kama platinamu, karibu nguvu yote inaweza kutoa mwanga.

Nyekundu na kijani zikanufaika. Bluu ikagoma! Mwanga wake unahitaji nguvu kubwa, na nguvu hiyo hiyo inavunja kemikali zinazoutoa. Dawa mojawapo ni kupanga tabaka mbili za mwanga, moja juu ya nyingine, zigawane mzigo. Ndivyo ilivyofanyika kwenye iPad Pro ya mwaka 2024.

Wewe ufanyeje?

• Punguza mwanga wa kioo. Mwanga mkali unakizeesha haraka.
• Usiiache chaneli moja au picha iliyoganda kutwa nzima.
• Ukizima TV kwa rimoti, usichomoe waya papo hapo. Nyingi hujirekebisha zikiwa zimepumzika.
• Unanunua simu ya mkononi? Fungua picha ya kijivu kioo kizima, utaviona vivuli kabla hujatoa hela.

Na ule ugomvi? Wote mna haki. Pokezaneni rimoti tu, kioo kitawashukuru.